Mwaka Tulipoificha Pikipiki ya Shemeji

Hapa Butembo, mtu anayetaka kujua maisha yamekufikisha wapi hakuulizi ulisoma nini. Anachungulia nyuma yako aone umekuja na nini. Mimi nimekuja na vingi. Nimekuwa na pikipiki tatu kwa jina langu mwenyewe: ya kwanza nyekundu, nyepesi, iliyokuwa ikilia kama cherehani, ya pili ndefu, miguu yangu ikigusa chini kwa ncha za vidole tu, ya tatu nzito, niliyoibebesha viazi vya Alimbongo miaka sita mpaka mgongo wangu ukakataa. Sasa nina gari dogo lenye usukani upande wa kulia, na wanangu wananitania kwamba nalipangusa mara nyingi kuliko nilivyowapangusa wao kamasi. Siwakatalii. Napenda vyuma vinavyotembea, na sioni aibu kusema hivyo nikiwa mwanamke wa karibu miaka hamsini. Lakini mtu akiniuliza ni ipi niliyoipenda kuliko zote, jibu ni pikipiki ambayo haikuwa yangu, na hapo huwa nageuza mazungumzo na kuulizia bei ya maharagwe. Mwezi uliopita Paluku alinipigia simu kutoka Beni kuniambia kwamba baba yake, Katembo, amefariki nyumbani kwao Bungulu. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa uso wa marehemu. Kilikuwa harufu ya petroli kwenye koti lake, na baada ya harufu ile ikaja hofu niliyoijua vizuri.

Katembo alikuwa mume wa dada yangu mkubwa wa ukoo, yaya Masika, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu, na mwaka ninaousema niliishi kwao ili nimalize shule. Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima nje ya Butembo, upande wa njia ya kwenda Lubero, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Yeye alikuwa muuguzi. Alikuwa na pikipiki ya zile zilizoitwa AG, ambazo wakati ule zilikuwa za mapadri, wachungaji na maagronome, yaani mabwana shamba: kijani iliyopauka, yenye kibebeo mbele na kingine nyuma, na mnyororo uliofunikwa usishike tope. Aliipanda kwenda kuchanja watoto mpaka Luofu. Ilipolala sebuleni, karibu na meza ya kulia, tulikula bundu na sombe tukiwa tunaitazama, na yaya Masika alilalamika kwamba katika nyumba nyingine mgeni ndiye anayekaribishwa mezani. Katembo alikuwa mtu wa maneno machache na kumbukumbu ya kutisha. Alijua kwa majina watoto wote aliowachanja, na mama zao, na nani alikimbia sindano. Ukimwambia jambo Jumatatu, alikurudishia Ijumaa bila kupunguza neno.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha. Nilimwomba siku moja nikiwa naosha vikombe, nikitarajia kicheko, naye akasema tu nikavae suruali chini ya sketi. Tulikwenda kwenye uwanja wa shule baada ya masomo, akatembea kando yangu akiwa ameshika kiti kwa nyuma, na siku ya nne nilizunguka magoli yote mawili bila kujua kwamba alikuwa ameshaachia. Akina mama wa korali yetu ya kanisa hawakupendezwa. Niliwasikia kisimani wakisema kwamba Katembo anamfundisha msichana kukaa kama mwanamume, kesho atamfundisha kufunga tai. Yaya Masika alicheka alipoambiwa. Alisema afadhali nijue mimi, kwa sababu yeye, na tumbo lile, hawezi kujifunza kitu kingine isipokuwa kupumua.

Tumbo lile ndilo lililokuwa jambo kubwa la nyumba. Mtoto wao wa kwanza, Paluku, aliyekuwa na miaka mitatu, alizaliwa kwa kupasuliwa, na daktari aliwaambia wazi: safari ijayo, uchungu ukianza, Masika afike hospitali haraka, asingoje hata chai iive. Hospitali ilikuwa mjini, ng'ambo ya mabonde mawili. Kwa pikipiki, nusu saa. Kwa miguu, mgonjwa akibebwa, asubuhi nzima. Katembo alikuwa ameshapiga hesabu yake, na kila tulipokula alituambia kwamba AG ile inaweza kufanya kazi nyingine zote za dunia, lakini imenunuliwa kwa ajili ya siku moja tu.

Kisha wakaja wenye silaha. Mwaka ule walikuwa wakibadilishana, hawa wakiondoka wale wanaingia, na wote walipenda pikipiki. Ya mchungaji ilichukuliwa mchana kweupe. Ya agronome ilichukuliwa naye akaambiwa aisukume mwenyewe mpaka kambini. Hapo watu wa kilima chetu wakaanza kufanya kile ambacho Wanande wenzetu wa vijiji vya jirani walikuwa wakikifanya: waliifungua pikipiki na kuilaza vipande vipande. Gurudumu linaenda nyumba hii, tangi nyumba ile, na kila mwenye kipande anajua kipande chake tu, ili akipigwa asiwe na kingine cha kusema. Mwenye mali peke yake ndiye anayebeba ramani yote kichwani. Ya Katembo ilifunguliwa alasiri moja, mlango ukiwa umefungwa, mimi nikishika bisibisi. Kila jirani alipewa chake kwa wakati wake, na hakuna aliyekutana na mwenzake mlangoni. Baadaye ndipo nilipojua kwamba magurudumu yalikwenda darini kwa mwinjilisti, shasi chini ya vitanda vya mbuzi, mashine chini ya magunia ya maharagwe kwa bibi mmoja kiziwi. Mwisho kabisa, tulipobaki wawili, Katembo aliweka mkononi mwangu kabureta, kile kidude cha kuchanganya petroli na hewa, kisichozidi ukubwa wa ngumi. Bila hicho, vile vingine vyote ni vyuma vya kuwekea kuku. Tulikifunga kwa kitambaa na kukizika ndani ya kitunga cha mbegu za viazi, chini ya kitanda changu.

"Hapana kuitosha pale," alisema, yaani nisikitoe. "Siku nitaitafuta, sitauliza mutu. Nitaenda moja kwa moja kwa kitunga."

Hata yaya Masika hakuambiwa. Wiki mbili baadaye walikuja kweli, wanne, na mkubwa wao akaulizia pikipiki, "Docta, moto eza wapi?" Katembo akamjibu kwa upole kwamba wenzao waliotangulia waliichukua, na akawaonyesha doa la mafuta sebuleni kama mtu anayeonyesha kaburi. Walipekua, wakala viazi vyetu, wakaenda. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya kitanda changu na kitabu cha jiografia, na lazima niseme ukweli: nilikuwa na furaha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nyumba nzima ilikuwa imekalia siri yangu. Wiki zilizofuata nilijiona mkubwa kuliko wote. Nilifagia chumba changu mwenyewe, nikamkataza Paluku kuingia, na mara moja moja nilichomoa kile kidude nikakiangalia na kukirudisha.

Mwezi wa nane wa mimba ya yaya, korali yetu ilialikwa Beni kuimba kwenye ufunguzi wa kanisa jipya. Katembo alikuwa amepanda lori kwenda Luofu kwa chanjo ya surua, anarudi baada ya siku mbili. Nilimwomba yaya ruhusa, naye akanipa, akaninunulia hata viatu. Sasa nitasema kile ambacho sijawahi kukiandika popote. Asubuhi ya safari nilikitoa kile kidude kwenye kitunga na kukiweka kwenye mfuko wangu, katikati ya nguo. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliogopa wapekuzi wasije tena nikiwa sipo. Si kweli. Wapekuzi wasingegusa mbegu za viazi. Nilikibeba kwa sababu huko Bungulu nilikuwa na binamu, msichana wa rika langu aliyenizidi nguo na maneno, na nilitaka ajue ni nani aliyeaminiwa na pikipiki. Nilimwonyesha siku ile ile, tukiwa tumeketi kitandani kwake. Alikishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya na kuniuliza, "Ni hii tu?" Nilikasirika. Nilikifunga tena, nikatoka kwenda kuimba, na niliimba vizuri.

Kesho yake njia ya Butembo ilifungwa. Milio ilisikika upande wa kusini, magari yakarudi yakiwa yamejaa watu, na sisi wanakorali tuligawanywa kwenye nyumba za waumini. Nilikaa siku tatu kwa binamu yangu. Mama yake alitupikia lengalenga na samaki wa chumvi, nami nilikula kidogo, nikisema tumbo linaniuma. Sikuwa najua kitu, ila kidude kile kilikuwa kimeanza kuwa kizito. Nilijipa moyo kwamba bado mwezi mzima. Nilihesabu majuma kwa vidole kila nilipokaa peke yangu, na kila mara nilipata jibu lile lile zuri.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa na mke wa mwinjilisti nilipokuwa ninapanda kilima, mfuko begani. Katembo alirudi kutoka Luofu mapema kuliko tulivyotarajia, jioni ya siku ile niliyoondoka mimi. Asubuhi yake, wakiwa wanakunywa chai, uchungu ulimshika Masika kabla ya wakati. Katembo hakuhangaika. Alituma watu watatu, na muda si mrefu majirani wakaanza kujitokeza kwenye vijia, huyu na gurudumu kichwani, huyu na tangi kwapani, wakitazamana kwa mshangao kwa sababu hakuna aliyejua kwamba na mwenzake alikuwa na kipande. Wengine walicheka. Katika muda usiofika saa moja AG ilisimama uani. Masika alikuwa ameshavaa kitenge chake cha kutokea, ameketi kwenye kiti, tayari. Ndipo Katembo akaingia chumbani kwangu. Mke wa mwinjilisti alisema alikaa humo muda ambao hakuna aliyeuelewa. Alipotoka, mikono yake ilikuwa na udongo wa viazi mpaka kwenye viwiko, akawaambia watu wote, mkewe akisikia, kwamba kabureta aliificha mwenyewe na amesahau alipoiweka. Walipekua nyumba, choo, shamba la migomba. Walikwenda kutafuta nyingine, lakini AG zote za kilima zilikuwa zimechukuliwa. Mwishowe walimlaza Masika kwenye machela ya miti na wanaume wanane wakamshusha kwa miguu. Hospitali walimwokoa yeye. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa tumboni.

Nilimkuta Katembo peke yake uani, amekuja kuchukua nguo za mgonjwa. Pikipiki ilikuwa imesimama pale pale, nzima machoni, na tundu dogo ubavuni. Nilipiga magoti na kukitoa kile kidude, na nilitaka anipige. Nilimngoja anipige. Alinitazama kama alivyowatazama wagonjwa, akitafuta panapouma.

"Irudishe kwa kitunga," alisema. "Kesho kutwa nitaiona mbele ya batu. Wewe hapana kusema, hata kwa yaya yako."

Nilimwambia kwamba ni mimi, kwamba niliibeba tu kwa majivuno. Akasema amejua tangu alipogusa kile kitunga. Akasema hapa kilimani wakijua, hakuna atakayenipa hata maji, na kwamba mimi bado niko na miaka mingi ya kuishi na watu. "Mimi ni bwana yake," alisema. "Mimi, atanisamehe." Nikasema ndiyo. Neno lile nimelisema maelfu ya mara katika maisha yangu, kanisani siku ya ndoa yangu na mbele ya maofisa, lakini hakuna siku liliponitoka kwa wepesi kama siku ile. Nilishukuru. Hata nililala vizuri, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi.

Masika aliporudi alikuwa mwembamba na hakulia. Siku moja nilikuwa jikoni nachambua mboga, nao walikuwa upande wa pili wa ukuta wa matete, na nilimsikia akisema, "Ulisahau." Kisha tena, "Majina ya batoto ya batu bote hausahau." Nilisikia kijiko kikizunguka katika kikombe kwa muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Niliendelea kuchambua mboga yangu, nikajiambia kwamba huu ni uchungu wa mama, utapita kama mengine yote. Shule ilipofungwa niliondoka, nikaolewa, nikanunua pikipiki yangu ya kwanza.

Wao walihamia Bungulu. Walizaa tena, na kwetu majina ya watoto yanafuata zamu ya kuzaliwa: wa kiume wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Aliyemfuata Paluku mikononi mwao aliitwa Kasereka, kwa sababu zamu ya Kambale ilikuwa imeshakwenda na yule wa hospitali. Kila mara yaya alipowaita watoto wake kula, Paluku, Kasereka, mtu yeyote wa kwetu aliyekuwa akipita njiani alisikia pengo. Niliwatembelea mara chache, nikileta viazi. Katembo alikuwa amepata pikipiki nyingine, lakini yaya hakupanda hata siku moja. Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu, na mumewe akatembea kando yake akiisukuma, mashine imezimwa, na mtaa mzima ukaona ni mapenzi ya wazee. Mimi nilijilazimisha kuona hivyo hivyo.

Basi, baada ya simu ile ya Paluku, nilifika matangani. Kulikuwa na maturubai, viti vya kukodi na kipaza sauti, na mchana ule ilikuwa zamu ya familia kutoa ushuhuda. Paluku alisimama, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaanza kumsifu baba yake vizuri. Kisha, ili awape watu pumzi kidogo, akasema papa alikuwa na kasoro moja, kila mtu wa nyumba anaijua: alikuwa mtu wa kusahau. Akasimulia jinsi mama yao alivyomfungia funguo shingoni kwa kamba kama mtoto wa shule, jinsi walivyokua wakimwita Papa Nimesahau mbele yake, naye akicheka nao. Waombolezaji wakacheka, kicheko kile cha msibani cha upendo. Nilimjua mtu yule. Hakuwahi kusahau kitu katika maisha yake.

Niliinuka nikaingia ndani, chumba walichoketi wanawake. Yaya Masika alikuwa chini kwenye mkeka, ameegemea ukuta, kitambaa kichwani. Niliwaomba wengine watupishe kidogo, nao wakatoka wakinung'unika. Nilimwambia yote, kuanzia kitunga, mfuko, kitanda cha binamu, mpaka ile ndiyo niliyoisema uani. Sikujitetea, maana sikuona pa kuanzia. Alisikiliza bila kugeuza kichwa. Kupitia dirisha tulisikia Paluku akiendelea, na watu wakicheka tena.

"Na yeye alijua?" aliuliza.

"Alijua, yaya. Tangu siku ile."

"Miaka makumi mbili na sita," alisema polepole. "Kila kitu kikipotea mu nyumba, hata kijiko, nilimuambia: ni wewe, ulizoea kusahau, ulisahau mutoto. Mbele ya batoto. Hata juzi, mu kitanda yake ya ugonjwa, alitafuta miwani yake, nikamuambia ile neno." Aliutazama mkono wake. "Hakunijibu hata siku moja, Kavugho. Sasa nitamuomba pole wapi?"

Nilianza kusema nisamehe, naye akaniinulia kiganja. Alisema yangu tutayasema siku nyingine, kama siku hiyo ipo. Leo hana nafasi ya yangu. Nilitaka kumsaidia kusimama, akauondoa mkono wangu, akajivuta kwa ukuta mpaka akawa wima. Kwa desturi mjane hatoki mbele ya watu siku zile, na wanawake waliokuwa kizingitini walijaribu kumzuia. Aliwapita. Nilimfuata mpaka mlangoni, sikuweza zaidi. Alitembea katikati ya viti, kicheko kikikatika safu kwa safu alipokuwa anapita, mpaka akamfikia mwanawe na kuushika mkono wake ulioshika kipaza sauti.

"Papa yenu hakusahau," alisema.

Paluku aliinama, akamuuliza kwa sauti ya chini anasema nini. Mama yake akarudia neno lile lile, na safari hii kipaza sauti kililichukua lote. Kisha akageuza uso wake kuelekea mlango niliposimama, na watu wote wakageuka pamoja naye.